Nilidhani Tunduru ni Kuzimu

Nyumba ya bibi yangu pale Mfaranyaki, Songea, imebomolewa, na hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nyuma ya bodaboda nikirudi kwangu Ruhuwiko, nikaona uwazi mahali ambapo miaka yote palikuwa na ukuta. Vijana wawili walikuwa wamekalia rundo la matofali wakiyabandua udongo, na msingi wa fremu za maduka ulikuwa umeshachimbwa. Nilimwambia dereva asimame. Akaniuliza kama nimedondosha kitu. Nikasema hapana. Lakini upepo ulileta harufu kutoka kwenye lile shimo, nami nikashindwa kumwambia tuondoke. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa imemwagikiwa pombe ya komoni kwa miaka mingi mno, hata udongo wa chini ulikuwa umelewa. Ninyi mliokulia mitaa ile enzi zangu mnaijua harufu hiyo: kimea kilichochacha, kuni mbichi, na majivu yaliyomwagiwa maji. Wengine huwakumbusha sherehe. Mimi ilinifanya nijikunyate pale juu ya pikipiki, mtu mzima na mkoba wangu, kama mtoto anayesubiri kofi.

Bibi Kostansia alikuwa mama yake baba yangu. Alikuwa mwanamke mrefu, wa misa ya kwanza kila Jumapili, na baada ya misa alifunua mapipa yake uani akauza komoni hadi jua lizame. Sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuwahi kupiga kelele, na hilo ndilo lililomfanya aogopwe hata na walevi. Aliishi na binti yake, shangazi Gaudensia, ambaye ndoa ilimshinda akarudi nyumbani na sanduku lake na ulimi wake. Wa tatu nilikuwa mimi.

Jina langu la ubatizo ni Skolastika, lakini nililisikia shuleni tu. Nyumbani nilikuwa "kale kamyao." Kamyao, lete maji. Kamyao hako kamemaliza likolo lote, tutakula ugali na nini? Sikujua Myao ni nini. Nilidhani ni tabia, kama uvivu au udokozi, na nikawa najitahidi kuiacha. Niliamka kabla ya kuitwa, nikafagia uwanja wote mpaka kwa jirani, nikala kidogo, nikanyamaza sana. Jioni shangazi angenitazama na kusema, "Ona macho yake hayo. Umyao mtupu." Basi kesho yake nilifagia zaidi, tena nikiwa nimeinamisha macho.

Wazazi sikuwa nao. Kuhusu baba niliambiwa alikwenda kwa Mungu. Picha yake haikuwapo ukutani, wala jina lake halikutajwa mezani. Mwezi wa Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, bibi na shangazi walibeba jembe na maua wakaenda makaburini kumpalilia, na mimi niliachwa kulinda mapipa. Mara moja niliomba niende. Bibi alinitazama kama mtu aliyeombwa amkopeshe mwizi ufunguo.

Na mama? "Mama yako alikwenda Tunduru."

Ilisemwa hivyo hivyo, kwa sauti ya kufunga mlango. Na si mama tu. Kuku akipotea, shangazi alisema, "Huyo kashakwenda Tunduru." Sufuria ikitoboka isizibike, imekwenda Tunduru. Mzee mmoja mnywaji wa pale uani alipofariki, nilimsikia bibi akimwambia jirani kuwa yule mzee, kwa ubishi wake na padri, asije akawa amepitiliza moja kwa moja Tunduru, na wote wawili wakacheka kidogo kisha wakafanya ishara ya msalaba. Mtoto huunganisha anachopewa. Nilijua watu wema wakifa wanakwenda kwa Mungu, kama baba. Nikajua pia kwamba wapo wanaokwenda kule kwingine, wasikorudi, wasikotajwa kwa heshima. Mama yangu alikuwa kule. Usiku wa baridi wa mwezi wa saba, nikiwa nimelala juu ya magunia ya mahindi stoo, nilikuwa nikimwombea moto upungue.

Ndipo yakaja mafundisho ya komunyo ya kwanza. Tulikuwa darasa la tatu. Katekista wetu alikuwa mzee mnyoofu mwenye fimbo ya mwanzi, anayependa maswali ya kujibiwa kwa pamoja. Siku hiyo aliuliza, "Watu wabaya wakifa bila kutubu wanakwenda wapi?" Wenzangu walisitasita. Mimi, ambaye sikuwahi kunyoosha mkono, niliunyoosha, maana jibu hilo nilikuwa nikilala nalo.

"Haya, Skolastika."

"Tunduru."

Darasa zima likapasuka. Watoto walipiga madawati, mmoja akaanguka kabisa. Katekista naye alijaribu kukaza uso, ukamshinda, akacheka hadi akafuta macho kwa kiganja. "We mtoto," alisema, "Tunduru ni wilaya! Basi linatoka stendi kila asubuhi. Mimi nina mdogo wangu ameolewa huko, mwezi uliopita kaniletea korosho."

Nilibaki nimesimama. Kicheko chao sikukijali sana, nilikuwa nimezoea kuchekwa. Kilichonishika ni lile neno: kaniletea. Mtu alikuwa ametoka Tunduru akiwa na korosho mkononi.

Jumapili katekista alimsimulia bibi kisa hicho nje ya kanisa, kwa wema tu, kama kichekesho cha mtoto. Bibi alitabasamu pale. Nyumbani alinichapa kwa kamba ya ndoo, polepole, bila kusema kitu. Shangazi ndiye aliyesema: "Unakwenda kututangaza kanisani?" Sikulia kama kawaida yangu. Kichwani nilikuwa nikilitafuta basi.

Nililipata siku moja katikati ya wiki, nilipotumwa kununua chumvi nikazunguka hadi stendi. Barabara ya Tunduru wakati ule ilikuwa vumbi tupu, na basi liliingia jua likishuka. Nilijificha nyuma ya kibanda cha tikiti, maana licha ya maneno ya katekista sikuwa na hakika. Mlango ulipofunguliwa, walishuka watu wekundu. Vumbi lilikuwa kwenye nywele, kwenye kope, kwenye midomo. Walijinyoosha, wakakohoa, wakajikung'uta, na chini ya ule wekundu rangi zao zikaanza kuonekana. Sijaona tena ufufuo wa namna ile. Wazee walishuka, mama na mtoto mchanga wakashuka, mtu akashuka na kuku hai anayepiga kelele. Wote walikuwa wametoka huko.

Mwanamke mmoja mnene, wa baibui jeusi lililogeuka rangi ya tofali, alikuwa akigombana na kondakta juu ya kiroba chake cha korosho. Alipomaliza ugomvi aliniona.

"Shikamoo," nikasema. "Umetoka Tunduru?"

"Marahaba. Sasa hivi nimetoka wapi, mwanangu, mbinguni?"

"Huko ulimwona mama yangu?"

Alicheka kwa sauti. Aliponiona sicheki, alichuchumaa, akanifuta pua kwa ncha ya ushungi wake. "Mama yako anaitwa nani?"

Sikujua. Nilikuwa na miaka tisa, na sikujua jina la mama yangu. Nilikuwa nimeishi ndani ya nyumba ambayo jina hilo halikuruhusiwa kuingia, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliyekwenda Tunduru anabaki na jina.

"Kaniulizie hilo kwanza," alisema yule mama. "Mimi ni Mama Zaituni. Kila nikileta mzigo utanikuta hapa."

Kumuuliza bibi hakukuwezekana. Nilimvizia shangazi Gaudensia. Alikuwa na tabia ya kuonja komoni kabla ya wateja, na akionja sana alikuwa mkali lakini mwenye maneno mengi. Nilimkuta jikoni akichochea sufuria, nikasema kitu nilichokuwa nimekipanga kwa siku kadhaa: "Shangazi, mama yangu hakuwa na jina, eti? Watoto shuleni wanasema mtu asiye na jina ni jini."

"Jini!" Aligeuka na mwiko. "Heri jini, jini unalifukizia ubani linaondoka! Somoe. Jina lake Somoe, binti wa Rajabu, alimnasa kaka yangu huko kwenye mashimo ya mawe ya vito akamrudisha hapa mifupa mitupu. Haya, umefurahi? Sasa toka hapa kabla sijakumwagia uji."

Nilitoka mbio. Nilikwenda hadi nyuma ya choo, nikalisema jina hilo kwa sauti ya chini, mara nyingi, ili lisinitoke. Somoe. Halikufanana na majina ya pale kwetu, yale ya watakatifu, mazito kama kabati. Lilikuwa jina la mtu unayeweza kumwita kutoka dirishani naye akageuka.

Mama Zaituni alilipokea jina, pamoja na la babu na la baba yangu mchimbaji, Otmari, nililolijua kwa sababu shuleni niliandikwa kwalo. Alitikisa kichwa. "Kina Somoe Tunduru ni wengi kama mikorosho. Lakini aliyeolewa na Mngoni mchimbaji akafiwa, huyo hatapotea." Mvua zilikuja, barabara ikakatika, mabasi yakalala njiani. Nilikwenda stendi bure mara nyingi. Kila niliporudi nimechelewa, kamba ya ndoo ilikuwa inanisubiri.

Mvua zilipopungua, Jumapili moja, watu wakiwa wamejaa uani na vikombe vyao, mwanamume mmoja alibisha hodi. Alivaa kofia iliyodariziwa kwa mkono na shati lililopigwa pasi vizuri ingawa lilikuwa na vumbi mabegani, na kwapani alibana kifurushi cha gazeti. Bibi alikuwa akikamua machicha kwenye chujio.

"Shikamoo, mama," alisema yule mgeni.

Bibi aliendelea kukamua.

"Shikamoo, mama."

"Sema shida yako. Salamu zako kaa nazo."

Mgeni alivua viatu, kwa heshima, akasimama pale kwenye matope na miguu mitupu. "Mimi ni Issa, kaka yake Somoe. Nimemfuata mtoto wetu. Dada yangu alikuja hapa mara mbili mkamwambia mtoto mmempeleka kwa masista, mbali. Sasa tumesikia yupo, analala juu ya magunia."

Nilikuwa mlangoni nimeshika bakuli. Alinitazama, na uso wake ukabadilika. Alikuwa na macho yale ambayo mimi nilichapwa kwa ajili yake.

"Huyu si mtoto wenu," bibi alisema.

"Mama, kwetu Wayao mtoto ni wa upande wa mama. Dada zangu na watoto wao ndio mbumba yangu, mimi ndiye ninayeulizwa habari zao. Nikifa na huyu hajulikani alipo, nitajibu nini?"

"Utajibu utakalo. Hapa ni kwa Wangoni. Hapa mtoto ni wa baba. Huyu ni damu ya Otmari, na mtoto wa Otmari hatoki kwenye uwanja huu."

Naomba mnielewe jinsi maneno hayo yalivyoniingia. Maisha yangu yote nilikuwa kamyao. Sasa, mbele ya watu, bibi alikuwa amenyoosha mkono wake uliolowa machicha na kusema mimi ni damu ya Otmari. Alilitaja jina la baba! Nilidhani ndiyo ilikuwa siri yake siku zote, kwamba ananipenda, kwamba ukali ulikuwa wa kunikomaza kama wanavyosema wazee. Nilitupa bakuli, nikakimbia nikamshika kanga yake kwa mikono miwili.

Mjomba Issa alichuchumaa. "Mwanangu, mama yako yupo. Twende?"

"Sitaki," nikasema. "Mimi ni wa hapa."

Mjomba aliweka kifurushi juu ya kinu, akavaa viatu vyake, akaaga watu wote, hata bibi, akaondoka. Walevi wawili watatu walimshangilia bibi.

Nilikuwa bado nimeshika kanga. Bibi alisubiri hadi mgeni alipokata kona ya barabara.

"Toa mikono yako kwenye nguo yangu," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Bibi, si umesema mimi ni wenu?"

"Nimesema si wao." Akakichukua kifurushi, akalifungua gazeti. Lilikuwa gauni la njano lenye mkanda wa kufungia nyuma. Alilitazama, akalipima urefu kwa macho, nami nikamwona kwa nukta moja akisita. Kisha akalisukumia chini ya pipa la komoni, kwenye moto. Kitambaa kile hakikuungua kama nguo, kiliyeyuka. "Okota bakuli lako. Likipasuka utalala njaa."

Usiku ule sikuomba moto wa mtu yeyote upungue.

Asubuhi nilivaa sare, nikachukua daftari zangu kama mtu aendaye shule, nikaenda stendi. Mjomba alikuwa amesimama kando ya basi akinywa chai ya rangi. Aliponiona hakushangaa sana.

"Jana ulisema hutaki."

"Leo nataka."

"Kwa nini?"

Nikasema, "Gauni lilikuwa la njano," kisha nikalia kwa sauti, mbele ya wapiga debe wote.

Kondakta alisema tupande, gari linaondoka. Mjomba alimimina chai yake chini. "Hatupandi," alisema. "Nikikuingiza humu bila wakubwa wako kujua nitaitwa mwizi wa watoto, na watakuwa na haki. Wewe huibwi. Wewe utatoka kwa mlango." Basi likaondoka bila sisi, na mimi nikamchukia kwa hilo, njia nzima ya kurudi.

Alinipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee aliyekuwa na kiduka cha vipuri vya baiskeli. Bibi na shangazi waliitwa. Tulikaa juu ya mabenchi, wao huku na sisi kule, na shangazi aliponiona niliko akatema mate chini.

"Yule mwanamke alimuua mwanangu," bibi alianza, kwa sauti yake ndogo. "Mwanangu aliondoka hapa ana nguvu za kubeba magunia mawili. Alikwenda Tunduru. Alirudi anakohoa damu. Dawa gani walimpa huko, Mungu anajua."

"Ni kifua kikuu, mama," mjomba alisema. "Vumbi la mashimo na kifua kikuu. Hospitali walikuambia, ulikuwepo. Na aliyemleta hapa kwa basi amemlaza mapajani ni dada yangu. Aliyemsafisha ni dada yangu. Wewe mwenyewe uliogopa kuingia chumbani." Alipangusa uso. "Siku ya kuanua matanga alikuwa amembeba mtoto huyu mgongoni. Mlimkamata mikono, na wewe, mama, kwa mkono wako, ulifungua kanga ukamtoa mtoto. Alitembea hadi stendi na kanga tupu. Kama nasema uongo, sema."

Mwenyekiti alimgeukia bibi. Bibi hakusema. Shangazi Gaudensia, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, aliangalia pedali zilizoning'inizwa ukutani.

Mimi nilikuwa nikifikiria mgongo wangu mwenyewe, sijui kwa nini. Nilikuwa nikijaribu kukumbuka, kwa nguvu zangu zote, namna ilivyo kubebwa. Sikukumbuka kitu. Lakini nilijua sasa kwamba sikuachwa.

"Nilizaa mtoto mmoja wa kiume," bibi alisema mwishowe, na hakuwa akimwambia mtu yeyote. "Nilitaka kibaki kitu. Kisha kikawa kinakua na sura ya yule." Nilikuwa nikisikia chuki tu maneno hayo yalipotoka. Leo, nikiwa na wanangu, nasikia pia kitu kingine ndani yake, ila sikitafutii jina, maana hakikunipunguzia hata kipigo kimoja.

Mwenyekiti aliniuliza mbele ya wote ninataka kwenda wapi. Nikasema kwa mama yangu.

"Aende," bibi alisema akisimama. "Lakini asikanyage tena kwangu." Neno hilo alilitunza hadi kaburini. Miaka mingi baadaye, niliporudi Songea kikazi, nilikwenda kumsalimia na mchele na kitenge. Alizungumza nami kupitia dirishani, akaniambia mwenye nyumba hayupo.

Kesho yake tuliondoka. Safari ilikuwa ya kutwa, na niliposhuka upande wa pili nilikuwa mwekundu kuanzia nywele hadi kucha. Mama aliishi nje kidogo ya mji, katikati ya mikorosho, kwa mume mwingine, mtu mpole wa maneno machache. Nilikuwa nimejipangia jinsi atakavyonikumbatia. Haikuwa hivyo. Alitoka ndani na mtoto mchanga begani, mwanamke mfupi, mdogo kuliko nilivyomwaza. Aliniona, akamkabidhi mumewe yule mtoto, kisha akamvamia kaka yake kwa maneno ya Kiyao, makali, akimsukuma kifuani kwa viganja, kana kwamba ni yeye aliyenikondesha. Mjomba aliacha asukumwe.

Alipomaliza alinileta kwenye mwanga wa mlango, akanivua sare, akanimwagia maji, na vumbi lilipotoka akaanza kunikagua kama nguo iliyorudishwa na mtu aliyeazima. Alipitisha kidole juu ya kila alama. "Hili kovu la nini?" Mwiko. "Na hili?" Kamba ya ndoo. "Hili?" Sikukumbuka. Alilia huku anakunja meno. Ilikuwa hasira tupu, na mimi nilijikunyata, maana hasira ya mtu mzima kwangu ilikuwa na mwisho mmoja tu. Alipoona nimekinga kichwa kwa mkono alisimama, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Usiku nililala mkekani karibu naye, kila mmoja ameamka, kila mmoja akijifanya amelala.

Wala Tunduru haikunipokea kwa ngoma. Asubuhi watoto wa majirani walikuja kwenye uzio wa mabua kunitazama. Sikujua lugha yao, na waliposikia Kiswahili changu cha Songea wakaangua kicheko. Nilikuwa na rozari shingoni. Mkubwa wao, msichana mwenye pengo, akaanzisha: "Mngoni! Mngoni mla nguruwe!" Wengine wakadaka, wakaifanya wimbo, wakaruka nao. "Mngoni! Mngoni we!"

Sikuamini masikio yangu. Nilikuwa nimechapwa kwa Umyao tangu napata akili, nimevuka vumbi lote lile, nimefika kwa Wayao wenyewe, nao wananiita Mngoni. Niliokota jiwe. "Mimi si Mngoni!" nikapiga kelele. "Mimi ni Myao! Mimi ni Myao!" Wao wakazidi kucheka, na mimi nikainua mkono kurusha.

Mama aliushika mkono ule kwa nyuma. Alilitoa jiwe kidole kwa kidole, akalidondosha.

"Nani kakuambia wewe si Mngoni?" aliniuliza.

Nilitegemea afurahi. Watu wale walikuwa wamemvua mtoto mgongoni.

"Baba yako alikuwa Mngoni," alisema. "Alikuwa Mngoni wa kweli, hata kuogelea hajui. Tulikuwa tunamcheka mtoni. Alikuwa anaimba akinyoa ndevu, anaimba vibaya, nyimbo za kanisani, mpaka majirani wanabisha ukuta. Alikuwa hali samaki mwenye kichwa, anasema anamtazama. Ulipozaliwa alikimbia nyumba hadi nyumba usiku kuamsha watu, wengine hata hatuwajui. Wewe una mwendo wake. Nilikuona jana unatoka barabarani na mjomba wako, nikajua kabla sijaona uso."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kitu chochote juu ya baba yangu. Miaka yote ile katika nyumba ya mama yake mzazi, sikupewa hata jambo moja. Nilisimama pale nikijaribu kuyashika yote, wimbo, wembe, samaki, na nikiogopa kuuliza zaidi yasije yakaisha. Hayakuisha. Mama alikuwa nayo mengi, na aliendelea kunipa kwa miaka, mengine akiwa anapepeta mchele, mengine akiwa amekasirika nami kwa jambo lingine kabisa.

Lakini asubuhi ile alinigeuza tu mabega nikautazama uzio.

"Wakikuita Mngoni, itika," alisema, akaingia ndani kumnyonyesha mdogo wangu.

Watoto walikuwa wakimsikiliza. Sasa walipoona ameondoka, yule mwenye pengo akapata nguvu tena, akapanda juu ya kisiki.

"Mngoni we!"

"Naam," nikaitika.

Walitazamana. Nilisogea hadi kwenye uzio, nikaupitisha uso kati ya mabua.

"Naam. Mnasemaje?"

Yule msichana alishuka kwenye kisiki. Alijikuna mguu kwa mguu mwingine, akawatazama wenzake, hakuna aliyemsaidia.

"Hamna," alisema. "Tulikuwa tunakuita tu."